Sanduku la Nje

Mtu wa Bomet akisikia kwamba nyumbani kwetu kuna eisi, yaani kiyoyozi, kwanza anacheka. Halafu anauliza kama baridi ya Mungu haikututosha mpaka tukanunua nyingine. Zamani nilikuwa najibu kwa upole wa mwalimu: kuna eisi za kupoesha tu, na kuna zile zinazogeuka zikapasha nyumba joto, na yetu ni ya kugeuka, na ni ya mama, na mama ana mapafu mabaya. Siku hizi nasema tu, "Ndiyo, tunayo," na kuendelea na safari yangu.

Mapafu ya mama yaliharibikia jikoni. Hakuwahi kuvuta sigara hata siku moja. Kwa zaidi ya miaka arobaini alipikia kuni katika jiko la mabati lililokuwa na mlango mmoja na dirisha la kuingiza mkono tu, akitulisha sisi, vibarua wa kuchuma chai na kila mgeni aliyepita. Humo humo ndimo alimoandalia vibuyu vyake vya mursik, akivisugua ndani kwa mkaa wa mti wa senetwet, kwa maana maziwa ya kuganda bila mkaa ule kwetu ni maziwa yaliyoharibika tu. Daktari alipomaliza kumpima alituambia mambo mawili. Moshi usimkaribie tena. Na baridi isimkaribie. Aliyasema kwa pamoja, kwa sauti moja, kama vile mambo hayo mawili yamewahi kukaa nyumba moja katika nchi hii ya chai. Kuanzia Juni mpaka Agosti ukungu unalala juu ya majani ya chai hadi saa nne asubuhi, na dawa pekee ya baridi tuliyorithi ni moto.

Tulijaribu hita ya waya, ikawa kila tukiiwasha stima ya nyumba nzima inakatika. Jiko la makaa daktari alilikataa hata kabla hatujamaliza kuuliza. Basi kaka yangu anayenifuata, ambaye ni fundi wa eisi huko nchi za Ghuba, akasema tuache kuhangaika. Alinunua mashine, akaituma, ikafika Nairobi, ikapandishwa lori hadi Bomet mjini, na kutoka hapo ikaja kwa pikipiki mbili, moja imebeba kile cha ukutani na nyingine imebeba sanduku la nje, boda wa pili akilalamika njia nzima kwamba mzigo wake una kelele za maji ndani.

Wa kuifunga alitoka Kericho. Alikuwa mwanamume wa makamo aliyezaliwa katika nyumba za wafanyakazi wa shamba kubwa la chai, wazazi wake wakiwa wamekuja kutoka upande wa ziwa, na kazi yake ya kila siku ilikuwa vyumba vya baridi vya kuhifadhia maua na majokofu ya mahoteli. Alisema nyumba yetu ilikuwa ya kwanza kumwita aweke eisi ili watu wapate joto. Aliweka kile cha ukutani juu ya kitanda cha mama, na sanduku la nje akalikalisha juu ya simiti nyuma ya nyumba, hatua mbili kutoka dirisha la chumba changu. Hapo ndipo mabomba yalipofika, hakuna aliyekusudia ubaya.

Jioni ile ya kwanza mama alikaa kitandani, akanyoosha viganja kuelekea ukutani, halafu akavirudisha.

"Joto ni zuri," alisema. "Lakini halina kitu cha kuangalia."

Hata hivyo alilala usiku kucha bila kukohoa, na mimi nilikaa kwenye kiti chake nikalia kwa sababu ya uchovu, si kwa sababu ya furaha. Ni lazima niseme jinsi nilivyokuwa nimechoka, maana bila hilo haya mengine hayaeleweki. Ndugu zangu wote wako mbali, na mimi ndiye niliyeomba uhamisho nikaja kufundisha shule iliyo karibu na Silibwet ili nilale nyumbani. Saa kumi na nusu alfajiri nilikuwa zizini nakamua. Saa moja nilikuwa darasani na watoto hamsini na kitu. Jioni nilikuwa na mama, dawa zake, uji wake, kikohozi chake, na baba ambaye hajui hata chumvi inakaa wapi. Mume wangu alikuwa akija kutoka Nakuru mwisho wa mwezi na kuniuliza kwa nini nimekonda. Nilitamani kumpa jibu lakini nilikuwa nasinzia.

Sasa baba. Baba yangu ni mtu asiyeweza kuona kitu kimeachwa nje. Ng'ombe ana nyumba, ndama ana nyumba, kuku wana nyumba, na bomba la kunyunyizia dawa lina nyumba yake yenye kufuli. Mita ya maji aliijengea nyumba ndogo mpaka msoma mita akawa anapiga magoti kama anaabudu. Alipoona lile sanduku limekaa wazi, jeupe, jipya, mvua ikilinyeshea, hakulala vizuri. Kisha kaka yangu akatuma sauti yake kwa simu, akitueleza namna ya kuitunza mashine. Alisema tusizime na kuwasha ovyo. Alisema tusafishe filta. Halafu akasema neno ambalo baba alilishika na hakuliachia: "Sanduku la nje likae kivulini. Jua ndilo linaua kompresa."

Kule aliko, nadhani hilo ni kweli. Kule jua linaweza kukaanga yai juu ya boneti ya gari. Lakini yeye alikuwa ameondoka nyumbani miaka mingi, na nafikiri alisahau kwamba jua letu la Julai hata nguo haliwezi kukausha. Baba hakupima hayo. Yeye alisikia kuna kitu kinaua, basi akaenda kutafuta misumari.

Alijenga siku mbili. Nguzo zilikuwa za blugamu, na mabati aliyang'oa kutoka lile jiko la zamani la mama, kwa kuwa halitumiki tena. Yalikuwa meusi kwa masizi upande wa ndani. Alianza na paa tu, kama kaka alivyosema. Wiki ile ile ikanyesha mvua ya mawe iliyotoboa majani ya chai na kuacha mashina yakiwa yamechunika, naye akasema mvua ya mawe huja pia kwa ubavu, akaongeza kuta. Mbele akaacha nafasi ya kama shubiri tatu. Majirani walipita wakamsifu. Mama mmoja wa kanisani alisema sanduku lile linaishi vizuri kuliko mashemeji zake.

Mimi sikusifu. Mashine ile ikiwa wazi ilikuwa na mngurumo wa chini unaoweza kuuzoea. Ilipofungiwa ndani ya mabati, mabati nayo yakaanza kutetemeka. Yalianza taratibu, yakanyamaza, yakaanza tena, na mwisho wa bati moja lililokuwa na msumari uliolegea lilikuwa linagonga nguzo bila kufuata mpigo wowote. Kelele yenye mpigo unaweza kulala nayo. Hii ilikuwa inakungoja ufumbe macho. Nilimwambia baba, akaongeza msumari, ikahamia bati la pili. Nilimwambia tena, akasema, "Kelele ni dalili kwamba inafanya kazi. Mama yako anapata joto."

Basi nikafanya jambo ambalo sikumwambia mtu. Nilikuwa na blanketi langu zito la rangi ya damu ya mzee, nililopewa wakati wa harusi. Jioni moja, baada ya kumpa mama uji na dawa, nilitoka nyuma ya nyumba nikaliingiza katika ile nafasi ya mbele, nikalizungushia sanduku na kulikaza kwa kamba ya ndama. Kelele ikapungua. Kulikuwa na mngurumo mzito kama wa mtu anayeongea na kiganja mdomoni, halafu baada ya muda ukaisha kabisa. Niliingia ndani nikalala usingizi ambao sikuwa nimelala tangu nihamie kule. Alfajiri, nikielekea zizini, nililitoa blanketi, nikalirudisha kitandani kwangu likiwa na umande. Nilipopita na ndoo ya maziwa mashine ilikuwa imeanza tena kunguruma.

Nilijiambia kwamba imenyamaza kwa sababu chumba kimepata joto la kutosha. Mimi hufundisha sayansi. Nimewachorea watoto ubaoni mishale ya joto linalosafiri, nimewauliza maswali ya mtihani, nimewasahihishia. Na bado nilijiambia hivyo, jioni baada ya jioni, kwa muda wa karibu wiki tatu, kwa sababu nilitaka kulala.

Siku moja baba alipita huko asubuhi mapema akaja mbio kwa namna yake ya mzee.

"Njoo uone. Mashine imeshikwa na baridi."

Nyuma ya sanduku, pale penye vibati vyembamba vilivyopangwa kama kurasa za kitabu, kulikuwa na barafu. Si umande. Ilikuwa barafu nyeupe, nene, imeziba kila nafasi. Katika nchi yetu barafu huja kutoka juu wakati wa mvua ya mawe, haikui juu ya mashine. Baba aliigusa kwa kidole, akanitazama kwa huruma ile ambayo humwangalia nayo ndama aliyezaliwa kabla ya wakati. Na kama anavyomfanyia ndama huyo, alikwenda stoo akaleta magunia, akayabana kati ya sanduku na mabati ili upepo usipite. Ndama akitetemeka unamfunika. Akiendelea kutetemeka unamwongezea gunia. Hakuna mtu wa kwetu angefanya vingine, na mimi nilisimama pale nikamshikia magunia, nikijua kwamba blanketi langu lilikuwa kitandani, limelowa.

Mama alianza kukohoa tena. Alisema ni vumbi. Asubuhi nikimgusa miguu ilikuwa baridi, na nikimuuliza kama mashine ilimpa joto anasema, "Ilinipa." Alikuwa anasema kweli. Ilimpa mpaka saa tatu usiku, saa yangu ya blanketi.

Alhamisi moja nilipoingia na chai midomo yake ilikuwa imebadilika rangi. Alikuwa ameketi, mikono juu ya magoti, anavuta hewa kwa mabega. Hakuweza kumaliza neno. Tulimpeleka Bomet kwa gari la jirani anayeuza maziwa, baba amemshikilia nyuma, mimi mbele nikimwambia dereva aende haraka na aende polepole. Walimwekea oksijeni. Alikaa huko siku nne, na katika siku hizo daktari alituuliza mara mbili, kwa utaratibu, baridi imempata wapi.

"Tuna mashine," baba alisema. "Iko na nyumba yake."

Daktari aliandika kitu. Mimi nilitazama sakafu. Kama angeniuliza mimi peke yangu, nafikiri ningemwambia. Nimejidanganya hivyo mara nyingi.

Fundi wa Kericho alikuja Jumamosi, mama akiwa bado hospitalini. Kabla hajafika nilikuwa nimelifua lile blanketi na kulianika ndani ya nyumba, mahali ambapo huwa hatuaniki nguo. Alizunguka nyuma ya nyumba na sanduku lake la spana, akasimama.

"Mzee," alisema, "hii nyumba ni ya nani?"

"Ni ya mashine," baba akamjibu, na akaanza kumweleza kuhusu jua, mvua ya mawe, upepo, na ule ugonjwa wa barafu. Fundi alimsikiliza mpaka mwisho. Ndiyo maana nilimpenda mtu yule. Halafu akachuchumaa, akavuta gunia moja, la pili, la tatu, akayapanga kando kwa heshima.

"Mzee, hii mashine haina ugonjwa. Hii mmeinyima pumzi. Sasa nikuambie vile inafanya. Wewe unafikiria inatengeneza joto, sindio? Haitengenezi. Inabeba. Hata hii baridi ya hapa nje iko na joto kidogo ndani yake. Gesi inapita kwa hizi vibati, inachukua hiyo joto kidogo kidogo. Kompresa inaiminya mpaka inakuwa moto kabisa, inaisukuma ndani kwa mama. Inarudi tena mikono mitupu, inachukua ingine. Kazi yake ni hiyo tu, kwenda na kurudi. Ni kama mama anachota maji mtoni. Sasa nyinyi mumefunga mto. Inachota ile hewa moja tu, inaipoesha, inaichota tena. Mpaka ikakuwa barafu."

"Na barafu ikaingia?" baba aliuliza.

"Barafu ikaziba. Ikishaziba, kompresa inajikaza, inajikaza, ikiona itaungua inajizima. Hapo mama anabaki na baridi."

Baba alivua kofia yake. Aliishika mbele ya tumbo kwa mikono miwili, namna anavyoishika kanisani.

Fundi alifungua kifuniko cha sanduku. Mle ndani, upande mmoja, kompresa ilikuwa imesimama wima, nyeusi, fupi, imenyamaza, kiasi cha mtungi wa gesi wa kupikia. Nilikuwa sijawahi kuiona. Nilitegemea kitu kikubwa zaidi. Aliigusa, akaunganisha saa zake za kupima gesi, akatega sikio, akasema ina bahati, mafuta yake bado yako ndani, imechoka lakini haijafa. Kisha akachukua brashi laini na maji, akaanza kusafisha vile vibati kutoka juu kwenda chini, taratibu, akivinyoosha vilivyopinda kwa kisu kidogo. Aliniambia nisogee nione, kwa kuwa kazi hiyo itakuwa yangu. Kile cha ukutani nikifungue kila baada ya wiki mbili, nitoe filta, nizioshe kwa maji ya kawaida, zikauke kivulini. Sanduku la nje nilitolee majani na utando wa buibui, na hatua mbili mbele yake pasiwekwe kitu chochote. Stima ikipotea na kurudi, nisikimbilie rimoti, ningoje dakika chache ili gesi itulie, maana kompresa ikishtuliwa kabla haijatulia ndipo inapokufa kweli.

Alikuwa anasema hayo huku akichomoa kitu kwa ncha ya kisu kutoka katikati ya vibati. Alikiweka kwenye kiganja. Ulikuwa uzi. Akachomoa mwingine, na mwingine. Zilikuwa nyuzi nene za sufu, rangi ya damu ya mzee.

Magunia ya baba yote ni meupe, ya nailoni.

Alinitazama. Baba, ambaye macho yake yana ukungu siku hizi, aliinama karibu na kiganja kile akasema, "Ni hizo gunia zangu. Zimenyonyoka."

"Inaweza kuwa gunia," fundi alisema, akazipangusa nyuzi kwenye suruali yake.

Huo ndio ulikuwa wakati wangu. Ulikuwa mrefu wa kutosha, na hakuna aliyenizuia. Nilifungua mdomo nikasema nakwenda kuwatengenezea chai.

Jioni hiyo nilimpigia kaka yangu simu nikamweleza, yaani nilimweleza kuhusu nyumba ya mabati na magunia. Alikasirika kama wanavyokasirika watu walio mbali, ambao hawana la kufanya na mikono yao. Akaomba kuzungumza na baba. Simu ilikuwa kwenye spika kwa sababu baba hawezi kuisikia vinginevyo.

"Baba, nani alikuambia ufunge kuta? Nilisema kivuli, sikusema jela. Unajua ungemuua mama?"

"Najua," baba alisema.

"Mashine si ng'ombe, baba."

"Nimesikia. Nilidhani nailinda. Kosa ni langu."

Nilikuwa nimeketi mezani nasahihisha madaftari. Niliendelea kusahihisha. Nilimpa mtoto mmoja alama zote katika swali ambalo hakulijibu, na nikaligundua Jumatatu.

Asubuhi yake, kabla ya kanisa, baba aliibomoa ile nyumba mwenyewe. Alikataa nimsaidie. Aling'oa msumari mmoja baada ya mwingine, akainyoosha yote kwa nyundo juu ya jiwe na kuirudisha kwenye mkebe, na mabati akayabeba moja moja mpaka nyuma ya zizi. Mama aliporudi Jumatatu sanduku lilikuwa limesimama wazi tena juu ya simiti yake. Bila yale mabati mngurumo wake ulikuwa wa chini, na usiku ule nilishangaa kwamba ningeweza kulala nao vizuri kabisa. Yote yangeweza kumalizwa kwa kuyabomoa mabati yale.

Tangu siku hiyo baba haligusi sanduku lile. Likiangukiwa na jani hatalitoa, ataniita mimi nitoke darasani kama ingewezekana. Akipita hapo huweka mikono nyuma na kuzunguka mbali. Wageni wakija kuulizia eisi, yeye mwenyewe huwahadithia, "Mimi ndiye nilikuwa karibu kumuua mama wa watoto kwa sababu ya ujinga," na wanacheka naye, na mimi huwa natafuta sababu ya kwenda jikoni. Mwaka mzima nimeosha filta kila Jumamosi ya pili. Nimevipiga brashi vile vibati mpaka navijua vilivyopinda. Kaka anasema hajawahi kuona mteja anayetunza kompresa hivyo. Sikumwambia kwamba si utunzaji.

Juni mwaka huu baridi iliingia mapema. Jumamosi mojawapo nilikuwa nimesimama kwenye kiti chumbani kwa mama, narudisha filta mahali pake, naye amelala ananitazama. Anapumua vizuri siku hizi, kwa kadiri mtu wa hali yake anavyoweza. Nilibana kifuniko, nikabonyeza rimoti, tukasubiri mpaka hewa ya moto ikaanza kushuka.

"Miguu bado ina baridi," alisema. "Niletee lile blanketi lako la damu ya mzee."

Nikamwambia nitamletea lingine jipya, lile limechakaa.

"Hapana, lile zito. Lile ulilokuwa ukiifunika mashine."

Nilishuka kwenye kiti. Nilikaa juu yake. Nilimuuliza nani alimwambia.

"Nani aniambie? Nilikuwa nimelala hapa. Ulikuwa ukitoka na kikombe cha uji, nasikia unazunguka nyuma ya nyumba. Baada ya muda hiki cha ukutani kinanyamaza. Kila siku hivyo." Alivuta pumzi, akapumzika, akaendelea. "Basi kikinyamaza nasema, haya, sasa mtoto wangu analala."

"Na wewe?"

"Mimi nilikuwa nalala mchana."

"Mama, ungekufa."

"Sikufa," alisema. "Na wewe ulikuwa unatembea umelala. Ulikuwa unatia chumvi kwenye chai, mwalimu mzima. Baba yako anainywa na kunyamaza."

Nilikasirika. Nataka kulisema hilo wazi, kwa sababu watu hupenda kusema kwamba katika wakati kama huo moyo hujaa upendo. Moyo wangu ulijaa hasira. Nilikuwa nimebeba kosa langu mwaka mzima nikidhani ni langu peke yangu, kumbe yeye alikuwa amelala pale na baridi yake, anahesabu usingizi wangu, na hakuona kama lilikuwa jambo la kuniambia. Nilimwambia hakuwa na haki. Nilimwambia kwa sauti ambayo sijawahi kuitumia kwake. Alinisikiliza akiwa ameitazama mashine ukutani, kile kitu kisicho na kitu cha kuangalia.

"Umemaliza?" aliuliza. "Basi niletee blanketi."

Nililileta. Nilimfunika miguu, nikalikunja chini ya visigino namna alivyokuwa akitukunjia sisi tukiwa wadogo. Lilikuwa limepauka kidogo upande mmoja, pale lilipokuwa likigusa barafu.

"Na umwambie baba yako," alisema, macho ameyafumba. "Amebeba vya kutosha."

Nje ukungu ulikuwa unaanza kutoka kwenye chai. Sanduku lilikuwa linanguruma juu ya simiti yake, na mbele yake palikuwa na jani moja la blugamu ambalo baba alikuwa ameliona na kuliacha. Nililiokota. Nilimkuta zizini akimkwaruza ng'ombe shingoni, akageuka kuniuliza kama mama yuko sawa, na nikamwambia yuko sawa, ana joto, lakini kuna kitu. Akaacha kukwaruza.

Nilianza na blanketi.